Chupa Aliyoionea Wivu Sekela

Wako waliozaliwa na kidole cha sita; Sekela alizaliwa na wivu. Mama yake, kule milimani Ileje, alisema siku ya ubatizo mtoto alinyamaza kimya alipomwagiwa maji yeye, lakini mchungaji alipombatiza mtoto wa jirani kwa maji yale yale, Sekela alipiga ukelele mpaka kengele ya kanisa ikajilia yenyewe. Jino lake la kwanza lilimng'ata shangazi aliyempakata mtoto mwingine. Anayebisha na aende Ileje akaulize. Alama ya jino bado ipo, ila shangazi ndiye hayupo.

Alipoolewa na Kefa, mwana wa mzee Sadoki wa Ruanda ya Mbozi, alikuja na vyungu viwili, jembe moja, na desturi ya kwao Wandali ambayo hakuidondosha njiani: mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, huingia majanini. Jina lake halitaji, na mahali alipokaa hapakanyagi. Wanyiha wa Ruanda waliona amezidisha, lakini Sekela alikuwa fundi wa kazi hiyo. Miaka tisa yote mzee Sadoki hakuwahi kuona kwa mkamwana wake kitu kingine isipokuwa kisigino kikipotelea kwenye mibuni.

Miaka tisa, na mtoto hakuna. Hapo wivu wa Sekela ukapata shamba la kulima. Aliwaonea wivu kuku waliolalia mayai. Alimwonea wivu mbuzi wa jirani aliyezaa mapacha, akakataa kumsalimia mwenye mbuzi mpaka mapacha wale wakaliwa. Na Kefa alipokwenda migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma, alikokwenda kila kijana wakati ule wa Mwingereza, Sekela aliionea wivu hata barabara iliyomchukua.

Kefa alikaa huko miaka miwili. Mwaka wa pili tumbo la kuhara damu lilimlaza, na aliporudi hakuwa mtu, alikuwa mifupa iliyovaa koti. Upepo wa Tunduma ulimsukuma mpaka Vwawa bila yeye kupiga hatua. Sekela alimpokea mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, na Kefa kwa adabu aliyojifunza kwa Wabemba wa kule migodini akasema, "Nimerudi, mukwai."

"Mukwai ni nani?"

"Si mtu. Ni neno la heshima tu. Kama kusema tafadhali."

"Mimi umeniambia tafadhali lini? Aliyekufundisha kulisema kwa sauti ya chini hivyo ana jina lake."

Lakini hata mwenye wivu hapigani na mifupa. Alianza kumlisha. Ugali wa ulezi asubuhi, maharage mchana, viazi, maboga, maziwa ya mgando, kuku aliokuwa akiwaonea wivu, wote wakaingia tumboni mwa Kefa. Alimlisha mpaka ghala likaanza kutoa mwangwi. Mwezi wa kwanza Kefa akapata mashavu. Wa pili akapata shingo. Na mwezi wa tatu akapata matiti.

Sekela aligundua siku aliyotaka kumpaka mafuta kifuani. Kefa akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Usiniguse hapo."

"Hapo pana mwenyewe?"

"Panauma, mama. Pana kitu."

Alimvua shati kwa nguvu. Chini ya kila chuchu palikuwa na uvimbe kama kiini cha yai la kuchemsha, na juu yake nyama imeinuka, laini, ya mviringo, kama ya msichana aliyevunja ungo mwaka jana. Sekela alitazama, kisha akatazama kifua chake mwenyewe, kilicholala tambarare kama bonde la Momba. Neno lililomtoka hata yeye lilimshangaza.

"Maziwa yamekuja nyumbani kwangu, yakakosea mlango."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Mwanamke mwingine angeogopa ugonjwa. Yeye alikuwa na wivu. Aliyaonea wivu maziwa ya mume wake. Kefa akivaa koti juani kujificha, Sekela aliona anaringa. Na kisimani, ambako hakuna siri inayozama, Ruti mke wa fundi seremala alishamwandalia kibwagizo.

"Hodi kwa Kefa," alisema Ruti akijitwika mtungi. "Tumesikia mjamzito kwenu ni mume."

"Na kwenu mwenye ndevu ni mke," Sekela alijibu, maana Ruti alikuwa na nywele mbili tatu kidevuni. Akaenda zake, lakini maneno yale yalimfuata mpaka nyumbani kama mbwa.

Damu yake ya mwezi ilikosa kuja mwezi ule. Hakushangaa. Alidhani wivu umemkausha.

Kefa akaenda hospitali ya wamisionari, mwendo wa nusu siku kutoka Ruanda. Bwana Daktari alimpapasa kifua, akampapasa na chini, akauliza alikula nini, alikunywa nini, amewahi kuvimba mataya. Kisha akamkabidhi kwa Tuntufye, mtu wa maabara, kijana mrefu aliyeongea na darubini yake zaidi kuliko alivyoongea na watu. Tuntufye alimtoboa kidole akapaka damu kwenye kioo. Akavuta nyingine mkononi. Akachemsha mkojo kwenye kichupa juu ya moto wa spiriti, atazame kama ini linalalamika. Akatazama na choo chake kutafuta mayai ya kichocho. Vyote vikatoka safi. "Kimebaki kipimo kimoja," akasema. "Niletee maji yako ya alfajiri, ya kwanza kabisa kabla hujanywa kitu. Siku tatu, si mfululizo."

Kefa alimwambia mkewe nusu tu ya habari, kama wanaume wanavyopenda. "Wanataka maji yangu ya alfajiri."

"Ya nini?"

"Ya kupima."

Sasa, kwao Sekela, mtu anayeomba maji ya mwanamume mwenye mke alikuwa mmoja tu: mwanamke anayetaka kupika dawa ya mapenzi. Maji ya alfajiri, ya kwanza kabisa, ndiyo yenye nguvu, kila mtu anajua. Siku ya kwanza Sekela alimwona mumewe nyuma ya ghala akijaza chupa, akiifunga kwa kizibo cha gunzi, akiifungia jani la mgomba kama anafunga asali ya kupeleka ukweni. Yeye mwenyewe katika miaka tisa hakuwahi kufungiwa hata chumvi kwa uangalifu ule. Basi akamfuata, hatua mia moja nyuma, mpaka hospitali, akajibanza kwenye ua wa michongoma.

Akaona alichokuwa akikitafuta. Mlangoni palitoka mwanamke mnene, mwenye mwanya, kanga imefungwa kifuani vizuri. Alikuwa Marita, mjane, mfagiaji na mpokea chupa wa hospitali. Marita aliipokea chupa ya Kefa kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa adabu, akaiinua kwenye jua akaitazama kama anayetazama mtoto mchanga anafanana na nani. Kisha akacheka. Na Kefa, yule Kefa aliyejifichia koti, akacheka naye, akasema, "Asante, mukwai."

Michongoma ile ilimchoma Sekela mwili mzima, asisikie hata mwiba mmoja.

Njiani kurudi alipiga shauri na moyo wake. Akimwaga chupa, Kefa atajaza nyingine. Akimpiga Marita, atafukuzwa kanisani. Lakini dawa ya mapenzi hufuata maji yaliyopikiwa. Ikipikwa kwa maji ya Kefa, Kefa atamfuata Marita. Na ikipikwa kwa maji ya Sekela je? Basi Marita atahangaika na kumfuata Sekela, shambani, kisimani, kanisani, asijue kwa nini. Sekela alicheka peke yake mpaka kunguru wakaruka.

Alfajiri ya chupa ya pili, Kefa aliijaza, akaificha chini ya migomba, akaenda kunawa uso. Sekela alikuwa ameshachuchumaa kule upande wa pili. Alimwaga ya mumewe, akajaza yake, akafunga jani vile vile. Chupa ya tatu akafanya hivyo hivyo, na kwa sababu ya hasira akaijaza mpaka shingoni.

Kisha akangoja Marita aanze kumpenda.

Siku nne baadaye Kefa na baba yake waliondoka pamoja jioni. "Nakwenda kulala hospitali," Kefa alisema akitazama ardhi. "Kuna kazi kidogo." Sekela hakuweza kumfuata, maana mzee Sadoki alikuwa njiani. Alibaki akikoboa mahindi kwa hasira, kinu kikilia mpaka watu wa kule Mbangala wakadhani kuna ngoma.

Asubuhi, jua likiwa usawa wa ghala, alisikia hodi uani. Akainua uso. Marita huyo, jasho linamtiririka, vumbi mpaka magotini.

Dawa imeshika, Sekela akajisemea. Imeshika sana. Amenifuata mpaka nyumbani.

"Karibu," akasema, amekaza mchi.

"Sikai, mke mwenzangu," Marita alitania, akihema. "Nimetoka kabla ya jogoo. Bwana Daktari anadhani nimekwenda kwa dada kuchukua unga. Nipe maji ya kunywa kwanza."

"Mke mwenzako nani?"

"Ni utani, mama, punguza mchi huo. Nimekuja kwa sababu mimi nimefiwa na mume, najua. Mume wa mtu hakatwi bila mwenye mume kuambiwa."

"Anakatwa nini?"

Marita alitazama kushoto na kulia, akaonyesha kwa kidole mahali asipopataja mtu mbele ya wachungaji. "Moja labda. Labda zote mbili. Leo saa nane, wakishamaliza wagonjwa wa nje. Chura wamemsema vibaya."

Ndipo Marita, akinywa maji kwa kibuyu, akamweleza habari ya chura. Kwamba Tuntufye anafuga chura madume kwenye pipa, wakubwa kama kuku wa sikukuu, na jioni wanaimba sauti nne kama kwaya. Kwamba chura dume akidungwa mkojo wa mwanamke mwenye mimba, baada ya saa tatu au nne hutoa mbegu zake, na Tuntufye huziona zikiogelea kwenye darubini. Mkojo wa mtu mwingine hauwashtui. Wakidungwa wa mwanamume, hukaa tu wakitazama ukuta.

"Lakini wako wanaume wachache," Marita akasema, "wanaota uvimbe mbaya ndani ya korodani. Uvimbe huo hujifanya mimba. Humwotesha mtu matiti, na maji yake huwaamsha chura kama ya mjamzito. Ndiyo Daktari anapima. Chupa ya kwanza ya Kefa, chura kimya, tukafurahi. Mimi mwenyewe niliiinua juani nikamwambia, maji safi haya, utapona. Ya pili, chura wakaamka. Ya tatu, usiniulize, wameamka mpaka mmoja akaruka nje ya pipa. Daktari amempapasa hakuona kitu, lakini anasema uvimbe mwingine hujificha, na ukingojwa unaua. Afadhali akatwe akiwa hai."

Sekela aliketi. Hapakuwa na kiti. Aliketi kwenye kinu, ndani ya mahindi. Mambo mawili yalimwingia kwa mlango mmoja, yakakwama yote mlangoni. La kwanza, maji yaliyowaamsha chura hayakuwa ya Kefa. La pili, yalikuwa ya nani.

"Kama chura wameamka mara mbili," aliuliza polepole, "na si yeye..."

"Si yeye kivipi?"

Sekela alimwambia. Alimwambia migomba, kizibo cha gunzi, na dawa ya mapenzi. Marita alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeshika kiuno.

"Yaani ulitaka mimi nikupende wewe."

"Ndiyo."

"Umefaulu nusu. Nimetembea tangu alfajiri kwa ajili yako, na nilikuwa sikupendi." Kisha akamtazama tumboni, akaacha kutania. "Nyanyuka, mwanamke. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha mpaka mimba yako mwenyewe. Jua halimsubiri mtu."

Mwendo ule wa nusu siku, Sekela aliumaliza kabla kuku aliowatimua uani hawajarudi uani. Wanaochunga Mbozi waliona vumbi likipita bila mtu ndani yake. Marita aliachwa kwenye mlima wa kwanza, akiita, "Nenda, nenda, mimi nitafika kesho kutwa."

Alipofika, mlango wa chumba cha kukatia ulikuwa ungali wazi, na kwenye benchi mbele ya mlango, fimbo magotini, alikuwa ameketi mzee Sadoki.

Sekela alisimama kwenye michongoma ile ile. Miguu iliyokimbia vilima vyote ikakataa. Kupita mbele ya baba mkwe ni aibu. Kusema mbele yake ni aibu zaidi. Na kusema mbele yake neno mkojo, hilo halina jina katika lugha ya Wandali. Akaona Tuntufye akipita na beseni la visu vilivyochemshwa, linatoa mvuke. Alimfikiria Kefa ndani amelazwa, na wivu ukamshika, wivu wa mwisho na mkubwa kuliko wote: kwamba watu wasiomjua watachukua kilicho chake.

Akavuta kanga kichwani mpaka ikafunika uso, akageuka, na akaenda kinyumenyume. Hatua kwa hatua, kisogo mbele, mpaka mgongo wake ukagonga nguzo ya baraza. Hapo akaugeukia ukuta, akauambia ukuta ule mweupe kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni:

"Wewe ukuta, mwambie Bwana Daktari asimkate Kefa. Mkojo wa chupa ya pili si wake. Wala wa ya tatu. Ni wangu. Nilimwaga wake nikatia wangu."

Beseni la Tuntufye likaanguka, visu vikatapakaa. Bwana Daktari alitoka na mikono imeinuliwa, inadondoka maji. Kefa alichungulia nyuma yake, amejifunga shuka.

Mzee Sadoki alikohoa. Alikuwa mtu wa haki, na hakutaka kumvunjia mtoto desturi aliyoilinda miaka tisa. Naye akageuka benchini, akautazama ukuta wa upande wa pili.

"Wewe ukuta wa huku," akasema, "muulize ukuta wa kule: kwa nini?"

"Ukuta wa kule unasema ni wivu, baba."

"Wivu wa nani?"

"Wa Marita. Na wa matiti."

Kefa alisogea, shuka mkononi. "Siku ile ya tatu," alisema kama anayeota, "niliona chupa imejaa kuliko nilivyoiacha. Nikasema labda nimeanza kupona."

"Ulinicheka na Marita."

"Aliniambia maji yangu ni safi, Sekela. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyeniambia kitu changu ni safi. Hata wewe ulikuwa unanitazama kama mwizi."

Sekela alilia, akiuelekea ukuta.

Bwana Daktari hakuwa mtu wa kuamini kilio. Alisema, kwa Kiswahili chake kinachochechemea, kwamba kipimo kianze upya, hapo hapo, mbele ya macho. Kwa sababu hiyo wakamngoja Marita, na Marita alipofika akiwa amepanda punda wa watu, ndiye aliyesimamia. Chupa moja ya Kefa, chupa moja ya Sekela, kila moja imefungwa uzi wake, mweusi na mwekundu. Tuntufye akatoa chura wawili kwenye pipa, akawadunga chini ya ngozi, akawatia kwenye masufuria mawili yenye majani.

Wakangoja. Mzee Sadoki upande huu wa nguzo, Sekela upande ule, Kefa katikati asijue aketi kwa nani. Marita aligawa viazi vya kuchemsha. Sekela aliona Kefa amepewa kikubwa, akajizuia kusema. Ndiyo mara ya kwanza kujulikana kwamba aliweza.

Jua lilipoanza kulala juu ya vilima, Tuntufye alitoka, jicho moja jekundu kwa darubini.

"Uzi mweusi, hakuna kitu," akasema. "Kefa, kavae nguo zako."

"Na mwekundu?" Swali hilo liliulizwa na kuta zote mbili kwa pamoja.

"Mwekundu wanaogelea hawahesabiki."

Mzee Sadoki akainama, akaweka fimbo yake ya mpingo chini, akaisukuma kwa mguu mpaka upande wa pili wa nguzo bila kugeuza uso. Hakuna aliyemweleza Sekela maana yake. Aliiokota akaikumbatia kama anayekumbatia mtoto.

Na matiti ya Kefa? Bwana Daktari alisema amewahi kuyaona kwa watu waliotoka kwenye njaa ndefu. Mwili uliosahau kula, ukilishwa ghafla kwa wingi, huchanganyikiwa, hauna hakika ni wa mume au wa mke, kisha hujikumbuka polepole. Aliyeyaotesha ni mpishi. Kwa hiyo Sekela alikuwa amemwonea mumewe wivu wa kitu alichokipika mwenyewe. Yakaanza kunywea kadiri Sekela alivyojaa, kana kwamba nyama ile ilikuwa inahamishwa kitandani.

Marita alikaribishwa uji kila alipopita Ruanda. Ila kikombe chake kilikuwa kile chenye ufa.

Mtoto alizaliwa wakati wa kuchuma kahawa, akaitwa Gwakisa, maana amekuja kwa rehema. Siku ya nne Kefa alimbeba kwa mara ya kwanza, kifua wazi, karibu na moto. Mtoto akageuza shingo, akanusa, akafungua kinywa, akaanza kutafuta pale palipokuwa na uvimbe wa kiini cha yai.

Sekela alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini taratibu, akavuka chumba, akamchukua mwanawe mikononi mwa baba yake.

"Huyo," akasema, "ni wa uzi mwekundu. Muulize chura kama ni wako."